Ngoma Imezuiwa Mlangoni, Mkeka Umeingia na Simu

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nanunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwasafirisha kwenda Dar es Salaam. Naimba besi katika kwaya ya vijana. Mwaka huu tulitunga wimbo wa mavuno, tukautia ngoma ya Kisukuma na mdundo wa kompyuta. Wazee wameufungia, sasa ni mwezi wa pili. Mmoja alisema hatuwezi kumwimbia Mungu kwa ngoma za vyama vya Bagika na Bagalu, na huo mdundo mwingine ni wa baa. Lakini mweka hazina wetu alichukua fedha za sare akawekea mkeka wa kubeti, zikaliwa zote, na kesi yake iliisha kwa wiki moja kwa sababu 'ni ujana'. Nikiri kwamba na mimi nabeti, kidogo kidogo. Tena nikiwa safarini Jumapili nafuata ibada ya nabii mmoja kwenye simu, anauza maji ya upako. Nimechanganyikiwa. Katika mambo haya ya kisasa, Mkristo achukue nini na aache nini?" – Msomaji, Kirumba, Mwanza

Jibu: Marahaba mwanangu, na asante kwa kujitaja na wewe humo ndani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umetaja mambo manne, ila mimi naona ni jambo moja, nalo liko katika ile tofauti uliyoipitia haraka: wimbo miezi miwili, mweka hazina wiki moja. Kanisa lako lina picha kamili ya dunia linayoiogopa. Dunia hiyo ina ngozi ya ng'ombe, ina mdundo, inatikisa mabega. Ikija bila kelele, imekaa mfukoni mwa shati la Jumapili, hakuna anayeiuliza inakwenda wapi.

Nianze na ngoma, maana hiyo naijua tangu utotoni. Nimezaliwa Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Babu yangu alikuwa mpiga ngoma wa bugobogobo, ile ya kulimia, ambayo vijana huicheza na majembe mkononi. Alipotaka kubatizwa, mwalimu wa dini alimwambia achome ngoma zake. Alikuwa nazo mbili. Moja aliichoma. Ya pili aliivua ngozi, akaupandisha mti wake mtupu darini, na bibi akawa anahifadhia humo mbegu za karanga. Nikitumwa kuchota mbegu nilikuwa nikiingiza mkono hadi begani, naparaza alama za patasi upande wa ndani, na ukingoni nahesabu kwa kidole vitundu vya vijiti vilivyoshika ngozi. Babu hakupiga ngoma tena hadi anakufa. Lakini nikimpelekea uji shambani nilikuwa nikimwona amesimama, vidole vinacheza juu ya mpini wa jembe. Alikuwa Mkristo mwaminifu kuliko wengi niliowahi kuwafahamu, na kuna kitu alinyang'anywa ambacho Kristo hakukiomba.

Miaka ya 1950, si mbali na kwetu, jambo tofauti lilikuwa linafanyika. Pale Bujora, Kisesa, padre Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement, alikaa na wazee akajifunza nyimbo na michezo yao. Kanisa likajengwa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma. Kikaundwa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bana Sesilia, watoto wa Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Na sherehe ya Bulabo, ambayo hadi leo kila Juni inawakutanisha Bagika na Bagalu, imekua pamoja na maandamano ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kumbuka kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafanyika. Hati yake ya liturujia, iliyosema muziki wa asili wa mataifa upewe nafasi yake katika ibada, ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Sijui kama kwenu ni Wakatoliki, na haidhuru. Ninachotaka uone ni kwamba ngoma ileile, katika kizazi kilekile, kando ya ziwa hilohilo, huku ilichomwa na kule ilipiga mbele ya altare.

Sasa, usimdharau mzee wako. Anachokisema kina mzizi. Bagika na Bagalu ni vyama vya wachezaji vilivyotokana na watu wawili, Ngika na Gumha, na mashindano yao tangu zamani yameambatana na dawa za kuvuta watazamaji na kumfunga mpinzani. Kwake yeye mlio ule unaamsha kumbukumbu ya irizi, hausikiki kama muziki mtupu. Mtume Paulo aliwakuta watu wa namna hiyo Korintho. Waliokuwa wametoka kwenye sanamu walishindwa kula nyama ya sokoni kwa sababu waliijua ilikopitia. Paulo alikubali kwamba nyama ni nyama. Lakini alisema pia kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama hata milele. Kwa hiyo kabla ya kumwita mzee mtu wa kale, nenda ukamuulize aliona nini akiwa mtoto. Huenda akakusimulia mambo ambayo wewe, mzaliwa wa Kirumba, huyajui kabisa.

Ukishamsikiliza, mweleze kwa adabu habari za kinanda. Kile kinanda cha mabomba ambacho kanisa la Ulaya lilikipenda kuliko ala zote kilianza mikononi mwa wapagani. Warumi walikipiga kwenye viwanja vya michezo, watu wakitazama wapiganaji wakiuana. Walimu wa kanisa wa karne za mwanzo walizikataa ala za muziki kwa sababu ileile ya mzee wako, kwamba ni mlio wa ukumbi na wa matambiko. Zilipita karne nyingi. Damu ya uwanjani ikasahaulika, kinanda kikabaki, na leo tukikisikia tunavua kofia. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda kuhubiri Uingereza, kwamba mahekalu ya watu wale yasibomolewe. Sanamu ndizo ziondolewe, na wanyama waliozoea kuchinja kwa mashetani wawachinje sasa kwa karamu ya kumsifu Mungu. Karne karibu 13 baadaye wajukuu wa watu hao, wamisionari wa Kiingereza wa CMS, shirika la Kianglikana, walitua Kageye, ufukweni kwetu, mwaka 1877. Wao walifika na imani iliyokuwa imesamehewa mahekalu yake. Babu yangu alidaiwa ngoma zote mbili.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Kuna barua ya karne ya 2, iliyoandikwa kwa Kigiriki kwa mtu aitwaye Diogneto, inayoeleza Wakristo ni watu gani. Nimeifundisha miaka mingi na kila mara inanishika upya. Inasema Wakristo hawatofautiani na wengine kwa nchi, wala lugha, wala desturi. Hawana miji yao peke yao. Wanavaa na kula kama wenyeji wa mahali walipo. Halafu mwandishi anageuka: wanaoa na kuzaa kama watu wote, lakini hawatupi watoto wao wachanga. Wanashiriki meza moja, hawashiriki kitanda.

Angalia mstari umepita wapi. Katika miji ya Kirumi mtoto asiyetakiwa, hasa wa kike au mwenye kasoro, aliachwa jalalani, na hakuna sheria iliyoshangaa. Ulikuwa utamaduni wa kisasa wa wakati ule, wa watu wenye barabara nzuri na mabafu ya maji moto. Wakristo walivaa nguo za watu hao, wakasema lugha yao, na jambo hilo moja wakalikataa kabisa. Hawakuuliza desturi hii imetoka wapi. Walitazama inamfanya nini mdogo aliye karibu yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako kubwa ni hilo, na nitalipima mbele yako kwa vitu vyako mwenyewe. Wimbo wa mavuno wenye ngoma na kompyuta: umemnyima nani chakula? Umemdhalilisha nani? Kama maneno yake ni ya kweli na mpigaji hakuleta irizi, mimi sioni dhambi. Naona kazi ya kumtuliza mzee tu. Mdundo wa baa nao utasafishwa na muda na matumizi, kama kinanda. Nisingelala nje kwa ajili ya mdundo.

Tuje kwenye mkeka. Mwaka jana nilikwenda Kayenze siku za mbalamwezi. Unajua mwenyewe, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, na wavuvi wanakaa siku kadhaa bila kipato. Zamani siku hizo zilikuwa za kushona nyavu na kwenda kusalimia wakwe. Nilimkuta mtoto wa ndugu yangu amekaa chini ya mwembe na wenzake wanne, kila mmoja kainamia simu. Ya kwake ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Mkewe alikuwa hatua chache pale, amepiga magoti juu ya mkeka, mkeka wa ukindu, anachambua masalia ya dagaa awatenge na mchanga ili apate kisado cha kuuza. Mara kijana akaguna: "Umechanika." Goli la dakika za mwisho, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Mke hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, ila mkono ulipunguza mwendo. Baadaye aliniambia jikoni kwamba ile ilikuwa hela ya mafuta ya injini.

Wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mechi ya timu mbili za nguvu sawa, au dau lolote lenye pande mbili zilizo sawasawa. Kampuni inakupa 1.85 kila upande. Wewe ukiweka 10,000 huku na mwenzako 10,000 kule, zimeingia 20,000. Atakayeshinda anapewa 18,500. Shilingi 1,500 zimebaki dukani, yeyote afunge. Hiyo ni asilimia 7.5 kabla mpira haujaguswa. Lakini vijana hawaweki mechi moja, wanaunganisha nane ili hela ionekane kubwa. Uwezekano wa kupatia zote nane, kama kila moja ni nusu kwa nusu, ni mara 1 katika 256. Kampuni itakulipa mara 137 tu. Maana yake ni kwamba kila shilingi 1,000 unayoweka kwenye mkeka wa mechi nane, kwa wastani wa muda mrefu, inakurudishia kama 536. Ungempata mchuuzi anayekupunja karibu nusu ya gunia kila safari, ungerudi kwake?

Najua hurudi kwa hesabu. Unarudi kwa sababu kuna mtu mmoja Igoma alikula milioni, na picha yake imezunguka. Hapa ndipo imani yetu inagongana na dunia ya leo uso kwa uso, kuliko kwenye wimbo wowote. Nabii Isaya, sura ya 65, anawakemea watu wanaomwacha Bwana na kuandika meza kwa ajili ya Bahati. Bahati hapo ni jina la mungu, na watu wanampakulia chakula. Niliposoma mstari huo baada ya kutoka Kayenze niliona ile meza. Chakula kilichokuwa juu yake kilikuwa mafuta ya injini na uji wa watoto.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuogopa neno bahati kuliko watu wengine. Katika miaka ya 2000 kuelekea mwisho, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu watu waliamini kiungo kitaleta bahati katika dhahabu au katika uvuvi. Simlinganishi kijana anayebeti na muuaji, usinielewe hivyo. Lakini wengi walisema yale ni mabaki ya ujinga wa kale, na mimi sikubali. Tamaa iliyoyasukuma ilikuwa mpya kabisa: tamaa ya utajiri wa ghafla, katika machimbo na mialo ambako mtu alimwona jirani yake akitajirika kwa msimu mmoja. Na katika miaka hiyohiyo, nakumbuka kikao cha kanisa nilichohudhuria kilichotumia mchana mzima kujadili suruali za mabinti. Nilikuwepo. Sikunyanyua mkono. Jambo hilo linanihukumu hadi leo, na ndiyo maana barua yako imenikosesha usingizi.

Usidhani nasema kila kitu kipokelewe ilimradi hakina kelele. Kule Efeso, Matendo 19, waliokuwa wakifanya uganga walivileta vitabu vyao vikachomwa hadharani, na thamani yake ilihesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza wakatoa sadaka nono. Hawakuuza, maana mnunuzi angekwenda kuwaumiza wengine navyo. Kwa sababu hiyo mimi nasema kanisa lisipokee shukrani ya mtu aliyekula mkeka, hata kama paa linavuja. Na zile bahati nasibu zetu za kuchangia ujenzi, tiketi mia moja, mbuzi mmoja, ningeziacha pia. Tutawafundishaje vijana tukiwa na ndoo yetu wenyewe ya kuchanganya namba?

Kuhusu nabii wa kwenye simu nitakuwa mfupi. Simu si tatizo. Wakristo wa karne ya 2 walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuacha gombo na kushika kitabu cha kurasa, kwa sababu kinabebeka. Alexander Mackay wa CMS, aliyefariki Usambiro kusini mwa ziwa hili mwaka 1890, alikuwa fundi mitambo, na mashine ya kuchapa ilikuwa sehemu ya utume wake. Ukiwa kwenye basi Jumapili, sikiliza neno la Mungu kwa bando lako bila wasiwasi. Tatizo ni maji yanayouzwa. Simoni wa Samaria alimpelekea Petro fedha ili anunue uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Anayeweka bei kwenye upako amekaa upande wa Simoni. Halafu jiulize swali dogo: ukifiwa leo, nabii huyo atajua? Jumuiya yako ya Kirumba itakuja na sufuria, kuni na mchele, italala chini na ninyi. Kwa yule wewe ni namba iliyotuma hela.

Basi fanya hivi. Hela ya sare irudi, kidogo kidogo, hata kwa miezi kumi, na mweka hazina asimame mwenyewe mbele ya kwaya aseme atarudisha vipi. Zakayo alisema atarudisha mara nne, na Yesu hakumwambia ni ujana. Mkimsamehe bila hilo mmemwacha peke yake na simu yake, na kesho atachukua kingine. Msimfukuze. Abaki kuimba, ila daftari la fedha lishikwe na mwingine.

Wewe mwenyewe, fungua ukurasa mpya kwenye daftari lako la dagaa. Taarifa za miamala ya pesa ziko kwenye simu, zishushe zote za mwaka mmoja, uandike upande huu ulizoweka na upande huu ulizopata. Usikadirie. Ulisema "kidogo kidogo", na ninataka ukione hicho kidogo kikiwa kimejumlishwa. Kisha mwonyeshe mtu mmoja ambaye fedha hiyo ingemfikia: mke kama umeoa, mama kama bado. Kumwonyesha ndiko kugumu, nalijua hilo, na ndiko kutakakokufungua kuliko kufuta programu ambayo unaweza kuirudisha usiku uleule.

Kuhusu wimbo, msiende kubishana kikaoni. Mwendeeni mzee nyumbani jioni, watatu au wanne, bila spika. Mpigieni ngoma peke yake kwanza, halafu imbeni maneno. Mkimwona kipande fulani kinamchoma kwa sababu kilikuwa cha dawa, kiondoeni bila kinyongo, bugobogobo ina vipande vingi. Mwombeni awafundishe kimoja anachokikumbuka cha kulimia. Wimbo wenu ni wa mavuno, na huenda yeye aliwahi kulima kwa ngoma hiyo kabla hajaambiwa aiache. Akikubali, mtakaporekodi nitumieni. Natamani kusikia ngoma inaingia ubeti wa ngapi.